Obama kabla ya Ikulu: miaka minane ya Springfield, pingamizi la saini na kichapo cha mwaka 2000

Msoma Kura (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Obama akitajwa, watu wanaanzia kwenye ile hotuba ya Boston ya Julai 2004, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, halafu wanarukia Ikulu. Leo naomba tukae kwenye kipande ambacho hakiguswi: kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, alipokuwa seneta wa jimbo la Illinois. Sizungumzii Seneti ya Washington. Hii ni Seneti ya jimbo, ina viti 59, inakaa Springfield, mji mdogo ulio kama kilomita 320 kutoka Chicago. Wabunge wa Chicago walikuwa wanaendesha gari hadi huko, wanalala siku kadhaa hotelini, wanarudi kwao wikiendi.

Ili tusichanganyane: nikisema "jimbo" namaanisha Illinois nzima. Sehemu aliyokuwa anawakilisha nitaiita "eneo la 13". Lilikuwa na watu wasiopungua 190,000 upande wa kusini wa Chicago: Hyde Park penye chuo kikuu na wasomi, South Shore, halafu linaingia ndani hadi Englewood, mitaa ya watu weusi wenye hali ngumu kabisa.

Alivyolipata eneo hilo ndiyo sababu ya kufungua uzi huu.

Mwaka 1995 kiti kilikuwa cha mama mmoja, Alice Palmer, mwalimu na mwanaharakati aliyeheshimika sana mitaa ile. Mbunge wa Congress (Bunge la Marekani) wa jirani, Mel Reynolds, alikuwa na kesi mahakamani, baadaye akapatikana na hatia akajiuzulu, na Palmer alikwishaamua kuwania kiti hicho cha Washington. Akamtambulisha kijana wa miaka 34, wakili na mwalimu wa sheria, kuwa ndiye atakayemrithi Springfield. Septemba 1995 Obama akatangaza rasmi kwamba anagombea.

Novemba ikaja kura ya maoni, yaani mchujo wa ndani ya Democratic, ya kiti cha Congress. Jesse Jackson Jr. akashinda, Emil Jones akawa wa pili, Palmer wa tatu. Watu wa Palmer wakamwendea Obama: kaka, mwachie mama kiti chake, wewe bado kijana, zamu yako itafika. Obama akakataa. Alishaanza kazi, alishachangisha fedha, na mwenye kiti alikuwa ameaga mwenyewe.

Palmer akaamua kurudi ulingoni. Muda wa kurudisha fomu ulikuwa umebaki siku chache tu. Zilitakiwa saini 757 za wapigakura wa eneo lile. Akapeleka karibu 1,600. Zaidi ya mara mbili! Ungedhani mambo yamekwisha.

Timu ya Obama ikaenda ofisi ya uchaguzi, ikakaa na zile karatasi, ikapita mstari kwa mstari. Huyu kaandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia saini. Huyu anakaa mtaa ulio nje ya eneo. Huyu hayumo kwenye daftari la wapigakura, na daftari lenyewe lilikuwa limetoka kusafishwa, maelfu ya majina yamefutwa. Karibu theluthi mbili ya saini za Palmer zikaanguka. Akajitoa.

Hawakuishia kwa Palmer. Wagombea wengine watatu nao wakawekewa pingamizi. Mmoja alikuja na saini karibu 1,900, zilipochambuliwa akapungukiwa 69. Mwingine akapungukiwa 86. Machi 1996 kura ya maoni ya Democratic ikapigwa na jina likiwa moja tu kwenye karatasi.

Mnaona sasa? Rais wa kwanza mweusi wa Marekani aliingia kwenye siasa kwa kupita bila kupingwa ndani ya chama chake, baada ya wenzake wote kuondoka kwa pingamizi. Kisheria hakuvunja kitu. Ila mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye kaunta ya ofisi ya uchaguzi jioni ya siku ya mwisho anajua uzito wa jambo hili.

Mimi nimewahi kusimama hapo. Nilikuwa nasaidia mgombea udiwani, nisitaje wapi wala chama gani. Fomu ilirudishwa saa kumi jioni kwa sababu jina la mdhamini mmoja halikufanana herufi kwa herufi na kadi yake. Herufi moja, "l" badala ya "r". Mzee mwenyewe alikuwepo pale pale na kadi mkononi. Tuliondoka na fomu kwenye bahasha ya kaki, na kata nzima haikupata wa kuchagua. Miaka imepita lakini bahasha ile bado naiona.

Naendelea chini.

Jirani wa Ziwa

Mkuu, asante kwa uzi. Sisi huku Nyanza tulimjua Obama kama mtoto wa Kogelo, mambo ya Springfield hatukuwahi kuelezwa. Mwaka 2004 wakati anawania ile Seneti kubwa, bia ya Senator ndiyo ilikuwa imetoka, na watu wakaanza kuiita Obama hadi leo. Hiyo ndiyo siasa yake tuliyoijua.

Swali: hao 757 ni wengi kweli? Kwetu Kenya katiba inataka mgombea huru wa ubunge awe na wapigakura 1,000 wanaomuunga mkono, wa wadi 500.

Msoma Kura

Kaka, ukilinganisha na idadi ya watu si wengi. Huku Tanzania mgombea ubunge anatakiwa wadhamini wasiopungua 25 tu, kwa hiyo namba haijawahi kuwa shida. Shida iko kwa anayekagua na jinsi anavyokagua. Chicago ina utamaduni wake wa muda mrefu: wapo mawakili ambao kazi yao ni kukagua saini za wapinzani, na mgombea mzoefu anapeleka mara tatu ya kinachotakiwa ili abakiwe na akiba. Palmer alikusanya zake mbiombio, mwezi Desemba, kwenye baridi ya Chicago.

Mama Kibandani

Ngoja, mimi hapa nimekwama. Kijana anayejua sheria, aliyewahi kuzunguka mitaa ile ile akiandikisha watu kupiga kura, ndiye huyo anatumia kufutwa kwa majina kwenye daftari kumwondoa mama aliyemshika mkono? Msinipambie. Hilo ni jambo baya hata kama sheria inaruhusu.

Msoma Kura

Dada, sikupambii. Ni kweli mwaka 1992 aliongoza kampeni ya Project Vote iliyoandikisha wapigakura wapya wanaokadiriwa 150,000 Illinois. Na ni kweli miaka minne baadaye wapigakura wa eneo la 13 hawakupewa nafasi ya kuchagua kati yake na Palmer. Yote mawili ni ya mtu mmoja. Upande wake, alisema kama kuna kanuni basi zifuatwe na kila mtu, na kwamba mtu asiyeweza kukusanya saini halali ana kasoro kama mgombea.

Mimi nauona uzito wa hoja hiyo, lakini kura ya maoni yenye jina moja siwezi kuiita ushindani. Ile ya Novemba 1996 nayo ilikuwa ya kukamilisha ratiba, maana upande ule wa Chicago Republican hashindi: Obama kura 48,592, karibu asilimia 82. Mwaka 1998 akarudi, akapata 45,486, asilimia 89.

(Kwa nini uchaguzi baada ya miaka miwili? Illinois maseneta wa jimbo wana mihula ya aina mbili, mingine miaka minne, mingine miwili, inazunguka kwa mafungu ndani ya muongo. Yeye alianza na mfupi.)

Fundi Redio

Sawa, kaingia. Alifanya nini sasa? Maana nilisoma wakati wa kampeni za 2008 kwamba alikuwa anapiga kura ya "nipo" tu.

Msoma Kura

Hilo lilisemwa sana. Zipo kura 129 za namna hiyo kati ya takriban 4,000 alizopiga. Pale Springfield kuna vitufe vitatu: ndiyo, hapana, na nipo. Muswada unahitaji kura 30 za "ndiyo" kati ya maseneta 59, bila kujali wangapi wamo ukumbini. Kwa hiyo "nipo" matokeo yake ni yale yale ya "hapana". Nyingine zilikuwa mkakati wa chama, hasa miswada ya utoaji mimba, nyingine alisema muswada una kasoro za kikatiba. Mpinzani wako akitaka kukuita mwoga atazitumia, na walizitumia.

Sasa kazi yenyewe. Miaka sita ya kwanza alikuwa upande wa wachache. Republican ndio walishika Seneti, rais wa Seneti alikuwa Pate Philip, na muswada wa mpinzani ukiingia kamati ya kanuni unalala humo usingizi wa pono. Kwa kawaida mbunge wa namna hiyo anabaki kupiga kelele. Obama akachagua kutafuta Republican wa kushirikiana nao. Akacheza nao gofu, akakaa kwenye mchezo wa karata wa kila wiki na maseneta wa mashambani. Mwanzoni walimwona profesa mwenye maringo. Baada ya muda wakamzoea.

Mwaka 1998 Emil Jones, kiongozi wa Democratic pale Seneti, akampa muswada wa maadili ambao wenzake hawakuupenda hata kidogo. Kabla yake, mwanasiasa wa Illinois aliweza kuzitumia fedha za kampeni kwa matumizi yake binafsi. Sheria ile ikazuia hilo, ikazuia pia zawadi nyingi kutoka kwa watu wenye maslahi na uchangishaji fedha ndani ya majengo ya serikali. Fikiria: mgeni wa mwaka wa pili anasimama kuwaambia wakongwe kwamba mfuko wao unafungwa. Na ikapita.

Mzee wa Gati

Wanangu, mimi niliishi Marekani miaka hiyo ya tisini mwishoni, nikiwa baharia niliyeacha bahari. Nakumbuka jambo moja mnalielekea: alichapwa. Tena vibaya. Liseme vizuri, maana vijana wanadhani yule bwana hakuwahi kushindwa.

Msoma Kura

Shikamoo mzee. Ndiyo, naingia hapo.

Mwaka 1999 akaona Springfield imembana, akaamua kumkabili Bobby Rush kwenye kura ya maoni ya kiti cha Congress, eneo la kwanza la Illinois. Rush hakuwa mtu mwepesi. Aliwahi kuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, huko Illinois, akawa diwani wa jiji, akaingia Congress 1993. Alikuwa ametoka kushindwa na Meya Daley mwaka huo huo kwenye umeya, na Obama akadhani kadhoofika.

Oktoba 1999 mtoto wa kiume wa Rush akapigwa risasi mtaani Chicago, akafariki siku chache baadaye. Mji mzima ukalia naye. Kampeni dhidi ya mzazi aliyetoka kuzika inaendeshwaje? Halafu Desemba gavana akaitisha kikao maalumu cha kupitisha muswada wa kudhibiti silaha. Obama alikuwa Hawaii kwa bibi yake na familia, mtoto wake Malia, ambaye alikuwa na mwaka mmoja na nusu, akaumwa, akaamua asimwache. Muswada ukaanguka kwa kukosa kura chache. Magazeti yakamchana. Kila alikokwenda aliulizwa: ulikuwa wapi? Jibu lake lilikuwa la kweli, lakini sikioni kwa mpigakura likabaki moja tu: alikuwa Hawaii.

Na mitaani ukaenea msemo kwamba huyu si mwenzetu, ni mtu wa Harvard na Hyde Park aliyeletwa na wazungu. Mtu aliyefanya kazi za mitaa ya kusini ile ile tangu 1985!

Machi 2000 matokeo yakatoka: Rush asilimia 61, Obama 30. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumshinda Obama kwenye uchaguzi wa kiti, si kabla wala baada.

Agosti mwaka ule akaenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa Democratic. Ameeleza mwenyewe: alifika uwanja wa ndege, akataka kukodi gari, kadi ikakataliwa. Kibali cha kuingia ukumbini hakupata. Akaangalia hotuba kwenye skrini, kisha akarudi nyumbani kabla mkutano haujaisha. Miaka minne tu baadaye, kwenye mkutano kama huo huo, yeye ndiye msemaji mkuu.

Jirani wa Ziwa

Sasa hapo ndipo sielewi. Mtu amelemewa kwa tofauti ya mara mbili. Alitokaje hapo akafika Boston? Bahati?

Msoma Kura

Bahati ipo, tena kubwa. Lakini anza na ramani.

Baada ya sensa ya 2000 mipaka ya maeneo ilipaswa kuchorwa upya. Katiba ya Illinois inasema vyama vikishindwa kukubaliana, inaundwa tume ya watu wanane, wanne kwa wanne. Tume nayo ikikwama, majina mawili yanatumbukizwa, moja la kila chama, linachomolewa moja. Nasema kweli, kikaratasi kinachomolewa mbele ya watu, na hicho ndicho kinachoamua nani atachora ramani ya jimbo lenye watu milioni 12 kwa miaka kumi. Mwaka 2001 kikatoka cha Democratic.

Hata kabla ya kikaratasi, Obama alikwishakaa na mtaalamu wa ramani wa chama mbele ya kompyuta pale Springfield, wakachora eneo lake. Eneo la zamani lilitoka Hyde Park kuelekea magharibi, kwa maskini. Jipya likatoka Hyde Park kupanda kaskazini kandokando ya Ziwa Michigan, likapita katikati ya jiji hadi Gold Coast, kwenye maghorofa ya matajiri. Waliobaki wengi bado ni weusi, lakini sasa wapigakura wake ni pamoja na wanasheria wakubwa, wafanyabiashara, wachangiaji wa kampeni, watu wa magazeti. Kichapo cha Rush kilimwonyesha nani hawamtaki na nani wanamtaka, na ramani mpya ikawafuata wanaomtaka. Novemba 2002 akapita bila mpinzani.

Na ramani hiyo hiyo ikawapa Democratic wingi wa Seneti kuanzia Januari 2003. Emil Jones, yule aliyemshinda Palmer kwa nafasi ya pili 1995, akawa rais wa Seneti. Obama akamwendea akamwambia waziwazi kwamba mzee una uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani, na huyo seneta ni mimi. Jones mwenyewe amekisimulia kisa hiki mara nyingi. Tangu hapo miswada mizito ikaanza kupita mkononi mwa Obama, naye akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii.

Fundi Redio

Kwa hiyo alibebwa.

Msoma Kura

Alibebwa, ndiyo. Baadhi ya wenzake walinung'unika kwamba miswada waliyoipigania miaka mingi imepewa kijana aimalizie. Malalamiko yao yana msingi. Lakini upo mmoja ambao kazi yake inaonekana wazi, na kwangu mimi ndio bora katika miaka yote minane: wa kurekodi mahojiano ya polisi kwa kesi za mauaji.

Elewa hali ya Illinois wakati ule. Tangu 1977 walikuwa wamewaua watu 12 kwa hukumu ya kifo, na watu 13 waliohukumiwa kifo wakagundulika hawana hatia. Waliogundulika hawana hatia ni wengi kuliko waliouawa! Chicago kulikuwa na kamanda wa polisi, Jon Burge, ambaye kikosi chake kiliwatesa washukiwa weusi kwa miaka hadi wakakiri. Gavana George Ryan, Republican, akasimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo Januari 2000, na Januari 2003 akiondoka madarakani akafuta hukumu 167 za kifo.

Polisi na waendesha mashtaka waliupinga muswada. Obama akakaa nao chumba kimoja na wapinzani wa adhabu ya kifo, kikao baada ya kikao. Hoja yake kwa polisi ilikuwa rahisi: kamera itamlinda pia askari mwaminifu anayesingiziwa. Kipengele hiki kinarekebishwa, kile kinaachwa. Mwisho Seneti ikaupitisha bila hata kura moja ya kupinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kulazimisha jambo hilo kwa sheria ya bunge. Mwaka huo huo ikapita sheria ya kuandika rangi ya kila dereva anayesimamishwa na polisi, ili ubaguzi barabarani uonekane kwenye takwimu.

Mtu aliye korokoroni leo kule, anayehojiwa na kamera ikiwaka, hana habari na hotuba ya Boston. Kamera inamtosha.

Mama Kibandani

Hapo nimekuelewa kaka. Hilo la kamera ningelitamani hata huku kwetu. Lakini bado la Alice Palmer sijalimeza.

Mzee wa Gati

Malizia na ya 2004, mwanangu, tukalale.

Msoma Kura

Kwa kifupi mzee. Seneta wa Republican aliyekuwepo, Peter Fitzgerald, akaamua kutogombea tena. Kura ya maoni ya Democratic ikawa na watu saba. Blair Hull, tajiri, akamwaga takriban dola milioni 29 zake mwenyewe, halafu nyaraka za talaka yake zikafunguliwa hadharani, akaporomoka. Machi 2004 Obama akapata karibu asilimia 53 kati ya saba, wa pili Dan Hynes 24. Wengi walitegemea ashinde kwa weusi tu, akashinda na vitongoji vya wazungu vilivyo kandokando ya Chicago. Juni mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye akajitoa kwa kashfa ya talaka. Wakamleta Alan Keyes kutoka Maryland mwezi Agosti. Novemba: asilimia 70 kwa 27.

Tarehe 27 Julai, usiku wa hotuba, bado alikuwa seneta wa jimbo wa eneo la 13. Alijiuzulu siku mbili baada ya uchaguzi wa Novemba, na kiti kikachukuliwa na Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji wa Haiti, ambaye tangu 2019 ni mwanasheria mkuu wa Illinois.

Jirani wa Ziwa

Na Palmer? Walipatana?

Msoma Kura

Palmer hakuwania tena kile kiti. Mwaka 2008, Obama alipogombea urais, yeye alikuwa upande wa Hillary Clinton.